Dalili na Chanzo Chake: Utatuzi wa Matatizo kwa Kijana Anayeanza Mchezo wa Vitara Mwanza

Kijana anayeanza mchezo wa vitara, yaani mapambano ya kugusana kwa silaha nyembamba za chuma (fencing), akiwa na miaka 20 au 25 huingia ulingoni na mwili uliokwisha kuzoea mambo mengine, yawe ni mpira wa miguu, kubeba mizigo, kupanda vilima vya Bugando kwa baiskeli au kukaa darasani kutwa nzima. Mazoea hayo ndiyo yanayozaa matatizo mengi ya mwanzo, na ndiyo yanayofanya tatizo lijitokeze mahali pamoja huku chanzo chake kikiwa kwingine. Goti huuma kwa kosa la unyayo wa nyuma, ncha hupita pembeni kwa sababu mkono umechelewa kunyooka, na taa hugoma kuwaka kwa ajili ya skrubu ndogo iliyolegea. Mwongozo huu unaanza na dalili na kurudi nyuma hadi kwenye chanzo, ukiwalenga wanaofanyia mazoezi Mwanza na miji mingine ya kando ya Ziwa Victoria, ambako sakafu nyingi ni za saruji, hewa ina unyevu na vipuri viko mbali.

Sharti la kuutumia ni moja: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha ujaribu. Anayebadilisha viatu, mshiko na mkao siku ileile anaweza kupona bila kujua kilichomponya, na tatizo likirudi hatakuwa na pa kuanzia.

Silaha za mchezo huu ni tatu. Foili hupata pointi kwa ncha, kwenye kiwiliwili tu. Epe hupata pointi kwa ncha, mwili mzima kuanzia kichwani hadi vidole vya miguu. Seba hupata pointi kwa ncha na kwa makali, kuanzia kiunoni kwenda juu, pamoja na kichwa na mikono. Kwa anayeanza ukubwani katika kikundi kidogo kisicho na mwamuzi aliyefunzwa, napendekeza epe bila kusita, kwa sababu anayegusa kwanza ndiye anayepata pointi na hakuna hoja ya nani alikuwa na haki ya kushambulia. Kwa sababu hiyo mifano mingi hapa chini ni ya epe.

Goti la mbele linauma wakati wa mazoezi au usiku wake

Tatizo hili nalipa nafasi kubwa kwa sababu lina uwezo wa kumtoa kijana mchezoni kabla hajauonja, na kwa sababu mara nyingi linaweza kuzuiwa kabla halijawa jeraha.

Anza kwa kutazama goti linaelekea wapi. Mwombe mwenzako akurekodi kwa simu kutoka mbele, simu ikiwa chini usawa wa goti, kisha upige hatua ndefu ya shambulio mara kadhaa kwa kasi yako ya kawaida. Goti la mbele linapaswa kwenda upande uleule wa vidole vya mguu huo. Likilala kwa ndani, usianze kulisahihisha goti lenyewe, bali chunguza mguu wa nyuma. Katika mkao wa tayari nyayo mbili hufanya pembe ya takriban nyuzi 90, wa mbele ukimwelekea mpinzani na wa nyuma ukielekea pembeni. Mchezaji anapochoka, au anapotaka kufika mbali kuliko uwezo wake, unyayo wa nyuma hubingirika, nyonga hugeuka, na goti la mbele hulazimika kubeba msokoto ambao halikuumbiwa. Ili kuthibitisha, chora kwa chaki mzingo wa unyayo wa nyuma sakafuni na upige hatua fupi kwa robo moja kuliko kawaida, ukitazama kila mara kama unyayo umebaki chini wote. Maumivu yakipungua ndani ya kipindi kilekile, chanzo ni urefu wa hatua, na dawa yake ni kubaki kwenye hatua hiyo fupi kwa wiki kadhaa huku ukiimarisha nyonga na mapaja, badala ya kuvaa bandeji na kuendelea na hatua ileile.

Kama goti halilali ndani lakini limepita mbele ya vidole, mguu wa mbele umetua karibu mno na uzito wote umelielemea. Muundi unapaswa kusimama wima mwisho wa hatua. Hapa marekebisho ni kuinua vidole vya mbele kwanza na kuurusha mguu mbele kutoka gotini, ukitua kwa kisigino kisha unyayo mzima, badala ya kuinua goti juu na kuliangusha.

Kama mkao ni sahihi na goti bado linauma, tazama sakafu na viatu. Saruji hairudishi chochote kwa mguu, na viatu vya kukimbilia vyenye soli nene laini huinua kisigino na kuyumba vinaposukumwa kwa upande. Vinavyofaa ni vya voliboli au badmintoni, vyenye soli tambarare ya mpira inayoshika, na katika mitumba ya soko la Mlango Mmoja mtu mvumilivu huvipata. Kabla ya kununua, kikunje kiatu: kinapaswa kukunjika penye vidole, si katikati ya unyayo. Kisigino cha mbele kikiwa na uchungu kama kilichopigwa jiwe, kata kipande cha mpira wa kandambili ukiweke ndani ya kiatu chini ya kisigino, na upunguze idadi ya hatua ndefu kwa siku. Mchanga wa ufukweni, ambao wengi huukimbilia wakidhani ni laini na salama, hauyafai mazoezi ya hatua ndefu, kwa kuwa mguu wa nyuma huzama na kugeuka, yaani unafundishwa kosa lilelile tunalotaka kuliondoa. Uwanja wa nyasi fupi ni bora zaidi.

Goti likivimba, likikwama au likiachia ghafla wakati wa kushuka ngazi, mambo yamevuka mipaka ya mwongozo huu. Acha mazoezi na umwone daktari wa mifupa.

Mkono wa silaha unachoka mapema

Kikomo cha uzito wa epe ni gramu 770, na cha foili na seba ni gramu 500. Kijana anayebeba ndoo ya maji bila taabu hawezi kuchoshwa na uzito huo. Anachoshwa na kuubana. Jaribu hivi: kaa katika mkao wa tayari, kisha mwenzako aushike ubao wa silaha, yaani ule ufito mrefu wa chuma, karibu na ncha na kuuvuta polepole. Silaha inapaswa kusogea kidogo ndani ya mkono kabla vidole havijaikaza. Ikiwa mkono mzima hadi begani unavutwa pamoja nayo, unashika kwa ngumi. Mshiko sahihi huongozwa na kidole gumba na cha shahada, na vile vitatu vilivyobaki hukaza tu wakati wa kukinga na wakati wa kugusa.

Uchovu ukiwa begani badala ya kwenye kigasha, kiwiko kimetoka nje. Kishushe, kikae upana wa kiganja kutoka mbavuni. Na kama mpini ni wa ule muundo wenye vishikio vya vidole, hakikisha ukubwa wake unalingana na mkono wako, kwa sababu mpini mdogo hulazimisha vidole kubana muda wote, na hakuna zoezi linaloweza kurekebisha hilo.

Ncha haifiki, au inafika na kupita pembeni

Hizi ni dalili mbili zenye chanzo kimoja mara nyingi: mguu umetangulia mkono. Shambulio linapoanza kwa mguu, mwili mzima unakuwa unasafiri wakati mkono unaanza kunyooka, na ncha inayonyooka ndani ya mwendo haiwezi kulenga. Tundika mpira wa tenisi kwa kamba ya katani kwenye tawi au boriti, usawa wa kifua, na uutulize. Simama mahali unapoweza kuugusa kwa kunyoosha mkono pekee, bila kusogeza mguu. Ukiukosa hapo, tatizo ni la mkono, nawe urudi kwenye mshiko. Ukiugusa vizuri, rudi nyuma hatua moja na ufanye vilevile kwa hatua ndefu, ukisubiri ncha ianze kwenda kabla mguu haujanyanyuka. Ukikosa sasa, ilhali mwanzo ulikuwa hukosi, umejua kwamba ni mpangilio wa mkono na mguu unaokuangusha.

Ikiwa mpira unaugusa lakini mwenzako humfikii, wala hakuna kosa la mkono wala la mguu, basi ni umbali. Mistari ya kuanzia iko mita 4 kutoka mmoja hadi mwingine, na kutoka hapo hakuna anayeweza kugusa kwa hatua moja. Anayeanza hushambulia kutoka mahali aliposimama kwa sababu ya hamu. Anayejua husogea mbele kwa hatua ndogo, hurudi, husogea tena, na hushambulia pale mwenzake anapokuwa yeye mwenyewe anasogea mbele.

Kila unaposhambulia, unachomwa wewe

Katika epe jambo hili linavunja moyo kuliko mengine, kwa kuwa juhudi zako zote humnufaisha mpinzani. Uliza kwanza unaguswa wapi. Ukiguswa kwenye kifundo cha mkono au kigashani, mkono wako umepanda au umeshuka nje ya kivuli cha kikombe cha silaha, yaani ile kinga ya chuma iliyo mbele ya mpini. Simama mbele ya kioo, au mbele ya simu, na uhakikishe kwamba kutoka upande wa mpinzani kikombe kinakificha kifundo. Ukiguswa kifuani, umeingia ndani ya umbali wake ukiwa umekunja mkono. Ukiguswa kwenye paja au unyayo, mara nyingi ni kwa sababu hatua zako zina mwendo mmoja usiobadilika na mpinzani ameshajua mguu utatua wapi na lini.

Dawa ya hili la mwisho inapatikana jirani. Anayecheza bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, anajua kwamba mguu unaweza kukawia nusu pigo kisha ukaruka mawili, na ujuzi huo wa kuvunja mwendo ndio unaohitajika ulingoni. Fanya mazoezi ya miguu kwa kufuata ngoma, ukiongeza kasi na kuikata ghafla, badala ya kuhesabu moja, mbili, moja, mbili.

Taa mbili zinawaka, na pointi anapewa mwenzako

Hili ni la foili na seba, silaha zikiwa zimeunganishwa na mashine ya umeme inayowasha taa mguso unapopatikana. Mashine ya foili hupokea mguso wa pili ndani ya takriban sekunde 0.3 baada ya wa kwanza, na ya seba ndani ya sekunde 0.17, kisha mwamuzi huamua nani alikuwa na haki. Anayeanza kunyoosha mkono na kutishia mwili wa mwenzake ndiye mwenye shambulio, na anayekinga hupata haki ya kujibu. Kama hukupewa pointi, yaelekea ulijibu bila kukinga kwanza, au ulikunja mkono katikati ya shambulio. Katika epe muda huo ni kati ya sekunde 0.04 na 0.05 tu, na taa mbili zikiwaka kila mmoja hupata pointi yake.

Mashine haiwaki, au inawaka bila kuguswa

Usianze na mashine. Anza na kilicho rahisi kubadilishwa: azima waya wa mwilini wa mwenzako (ule unaopita ndani ya koti kutoka kwenye silaha), kisha silaha yake, kisha hamieni upande wa pili wa ulingo. Tatizo likifuata waya, ni waya. Likifuata silaha, ni silaha. Likibaki upande uleule wa ulingo, ni waya mrefu wa sakafuni au mashine. Dakika tano za kubadilishana namna hii zinaokoa jioni nzima ya kufungua vitu ambavyo havina kosa.

Epe ikishajulikana kuwa ndiyo yenye kosa, elewa inavyofanya kazi. Nyaya mbili hupita kwenye mfereji wa ubao wa silaha hadi kwenye ncha, na ncha inapobonyea huziunganisha, ndipo taa inawaka. Njia ya tatu imeunganishwa na kikombe, ili mguso kwenye kikombe usihesabiwe. Basi taa isiyowaka kabisa humaanisha njia imekatika mahali fulani, au ncha haibonyei hadi mwisho kwa sababu ya uchafu. Taa inayowaka muda wote humaanisha ncha imekwama chini, mara nyingi kwa sababu spring imechoka au skrubu moja kati ya mbili za pembeni imetoka. Taa inayowaka ukigusa kikombe cha mwenzako humaanisha kikombe hicho kina kutu au njia yake ya tatu imekatika. Kisugue kwa msasa laini na mjaribu tena. Ncha ya epe lazima iinue uzito wa gramu 750 baada ya kubonyezwa nao, na ya foili gramu 500. Uzito huo wa kupimia unaweza kuchongwa na fundi wa mashine ya kukerezea, mradi upimwe kwenye mizani ya duka la dawa na si ya sokoni.

Foili ni kinyume: njia yake imefungwa muda wote na ncha inapobonyea huifungua. Kwa hiyo waya uliokatika hauzimi taa bali huwasha taa nyeupe, ile ya mguso nje ya shabaha, mfululizo. Taa nyeupe ikiwaka pale ulipogusa kiwiliwili kwa haki, angalia kwanza kama kibanio cha waya kimeshika koti la metali la mpinzani, lile linalofunika shabaha, kisha kama koti lenyewe lina sehemu iliyokufa kwa jasho.

Fundi redio yeyote mwenye multimita anaweza kukusaidia, ukimwambia viwango: kila waya wa mwilini usizidi omu 1, silaha omu 2, na koti omu 5. Waya ukizidi hapo huku haujakatika, kosa huwa kwenye kiungo cha risasi ndani ya plagi, na kukilehemu upya ni kazi ndogo.

Ubao wa silaha una kutu, umepinda au umevunjika

Kutu huletwa na jasho likichanganyika na unyevu, na wakati wa masika mfuko uliofungwa usiku mmoja unatosha kuianzisha. Kausha silaha kwa kitambaa kila baada ya mazoezi, ipake mafuta mepesi ya cherehani ukiikwepa ncha, na kamwe usiweke koti au barakoa yenye jasho kwenye mfuko mmoja nayo. Koti la metali lisuuzwe kwa maji safi ya vuguvugu na kuanikwa kivulini.

Mpindo mlaini wa kuelekea upande mmoja ni wa kawaida, na kikomo chake kwa foili na epe ni sentimita 1, kwa seba sentimita 4. Mpindo wenye kona, au unaofanana na herufi S, hunyooshwa polepole chini ya soli ya kiatu, na ukirudi palepale kila siku, chuma kimechoka pale. Kitazame juani. Ukiona ufa, hata ule mwembamba kama unywele, silaha hiyo imekwisha.

Hapa nasisitiza kwa nguvu zangu zote. Mwaka 1982 mjini Rome, bingwa wa Olimpiki Vladimir Smirnov alipoteza maisha baada ya ubao wa foili ya mpinzani wake kuvunjika na kupenya barakoa yake, na sheria za vifaa zikakazwa baada ya hapo. Silaha iliyovunjika isichongwe upya, isichomelewe, isiachwe ikizagaa ukumbini. Mafundi wetu wa kuchomelea wana ustadi mkubwa na wanaweza kukutengenezea nguzo nzuri ya kulengea, lakini usiwaombe wakutengenezee ubao wa silaha wala barakoa, na usimruhusu yeyote acheze na barakoa ya kuchomelea. Barakoa ya mtumba yenye kutu au wavu unaobonyea ukisukumwa kwa kidole gumba ikataliwe hata ikitolewa bure, na kizibao cha ndani, kile cha kinga chini ya koti, kivaliwe kila siku, joto liwe kali namna gani.

Kizunguzungu, au uchovu usioisha

Kizunguzungu ndani ya barakoa katikati ya mchana ni joto na upungufu wa maji. Hamishia mazoezi alfajiri au baada ya saa 11 jioni, vua barakoa kila baada ya mpambano wa pointi 5, na unywe maji yaliyochemshwa pamoja na chumvi kidogo ya chakula.

Uchovu unaoendelea hata baada ya wiki ya kupumzika ni jambo jingine, na wakazi wa kando ya ziwa wanapaswa kulifikiria mapema. Pima malaria. Kama una kawaida ya kuoga ziwani ili kujipoza baada ya mazoezi, na tumbo linauma au unaona damu kwenye choo kikubwa, pima kichocho pia, kwa kuwa kimelea chake hupenya ngozi kwenye maji ya kina kifupi yenye konokono. Dawa yake, prazikwanteli, hutolewa hospitalini baada ya vipimo. Kocha anayemwongezea mazoezi kijana wa aina hii akidhani ni mvivu anamdhuru.

Miezi inapita na huoni maendeleo

Vijana husema wamechelewa kuanza. Umri huo si chanzo. Mwili wa miaka 25 unajifunza vizuri, ila unahitaji mapumziko zaidi kati ya vipindi kuliko wa mtoto. Chanzo cha kawaida katika mji wenye wachezaji wachache ni kwamba unapambana na watu walewale. Umeshajua mwenzako hupenda kuchoma wapi, naye amekujua, na nyote wawili mmeacha kutazama. Jaribio lake ni jepesi: mwambieni kila mmoja acheze kwa mkono wa pili, au ashinde kwa kugusa mkono tu. Ukipotea kabisa, ulikuwa unamkumbuka mtu badala ya kusoma mchezo. Endeleeni na masharti ya namna hiyo, mkiyabadilisha kila wiki, na mpambane hadi pointi 15 mara kwa mara badala ya 5 pekee, kwa sababu mbinu moja haiwezi kukufikisha huko.

Bado hakuna kinachochukua nafasi ya mpinzani mgeni. Kenya ilipata mwakilishi wake wa kwanza wa vitara katika Olimpiki mwaka 2024 mjini Paris, Alexandra Ndolo, mchezaji wa epe aliyekuwa ametwaa medali ya fedha ya dunia mjini Cairo mwaka 2022 akiichezea Ujerumani, na Nairobi inafikika kwa basi kupitia Musoma na Sirari. Atakayesafiri kwenda kushindana abebe silaha mbili na nyaya mbili za mwilini, zote zikiwa zimejaribiwa nyumbani, kwa sababu kanuni za kimataifa humpa kadi ya njano anayefika ulingoni akiwa na silaha moja tu inayofanya kazi.